Dalali wa mizigo hana lori

"Lori lenu lina rangi gani?"

Nilimuuliza hivyo yule kaka wa kwenye simu baada ya dakika ishirini za kuisifia kampuni yao ya kuhamisha vyombo vya nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuongea akanyamaza. Kisha akasema itategemea siku. Nikamuuliza huwa wanaliegesha wapi. Akasema mtandao wao ni wa nchi nzima. Na dereva ameajiriwa na nani? Hapo akanijibu kwa upole wa mtu anayembembeleza mtoto kwamba bei ile inakwisha saa kumi na moja jioni, na kama naitaka nitume dola 900 sasa hivi kwa Zelle, ile njia ya hapa Marekani ya kutumiana pesa za benki kwa simu.

Sikutuma. Lakini msinidhanie mjanja. Swali la rangi ya lori nilifundishwa na wifi yangu, na yeye somo hilo alilinunua ghali.

Wifi alihama kutoka Minneapolis kwenda Phoenix miaka miwili kabla yetu. Aliipata kampuni mtandaoni: tovuti nzuri, malori meupe yenye nembo, vijana wenye fulana za aina moja wanacheka huku sofa iko mabegani. Akaambiwa dola 2,300, akalipa nusu. Siku ya kupakia likaja lori la kukodi na vijana wawili ambao hata jina la hiyo kampuni hawakulijua. Wakapakia kila kitu, wakafunga mlango, ndipo mkubwa wao akatoa karatasi mpya: vitu vimezidi futi za ujazo, sasa ni dola 5,100. Wifi akaipigia kampuni aliyoilipa. "Sisi ni madalali tu, ongea na wenye lori." Wenye lori nao: "Sisi hatujakupa bei yoyote, ongea na dalali." Mtu mzima akazungushwa kama pia, na vitu vyake vikalala ghalani wiki tano mpaka alipokopa hela ya kuvikomboa.

Basi mume wangu alipopata kazi Fort Worth na kutangulia, mimi nikabaki Columbus na watoto kusubiri shule ifungwe, na kazi ya kutafuta watu wa kubeba vitu ikaniangukia mimi. Ni zaidi ya maili elfu moja: unaimaliza Ohio, unakata Kentucky, Tennessee na Arkansas, ndipo uione Texas. Tulikuwa na vitu vya vyumba viwili vya kulala, na kasha la mvule la marehemu mama. Vitanda vinanunulika. Kasha lile silipati pengine.

Wifi aliniambia kwa simu, "Usianze na bei, wifi. Anza na kujua unaongea na nani."

Sisi Waswahili neno dalali tunalo tangu zamani, wala si tusi. Dalali wa vyumba anakutembeza mtaa mzima, anakugongea milango, anachukua chake anaondoka. Hakuna anayemdhania ndiye mwenye nyumba. Ubaya unaanza dalali anapojifanya mwenye nyumba. Kwenye mizigo ya hapa Marekani ni hivyo hivyo. Dalali wa kuhamisha vyombo vya nyumbani kati ya jimbo na jimbo anatambulika kisheria, lakini lazima awe amesajiliwa na FMCSA, idara ya serikali kuu iliyo chini ya Wizara ya Usafirishaji, inayosimamia malori na mabasi ya biashara. Na katika matangazo yake anatakiwa aseme wazi kwamba yeye ni dalali, kwamba habebi mzigo mwenyewe bali anakutafutia mchukuzi mwenye kibali, na aweke anwani ya ofisi yake pamoja na namba za usajili. (Ukihama ndani ya jimbo hilo hilo sheria hizi hazikuhusu, kila jimbo lina zake.)

Nikairudia tovuti ya kaka wa Zelle nikashuka nayo mpaka chini kabisa, kwenye yale maandishi ya kijivu juu ya kijivu. Namba ya usajili ilikuwepo. Anwani haikuwepo. Neno dalali halikuwepo. Nikaichukua ile namba.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapodanganyika huku wakiamini wamechunguza. Namba ziko mbili, ya USDOT inayotambulisha kampuni yenyewe na ya MC ya kibali chake. Ukipata mojawapo unaingia tovuti ya serikali iitwayo SAFER, unaiandika, unaletewa ukurasa mmoja wa taarifa za kampuni. Ni bure na huhitaji kufungua akaunti. Sura yake imezeeka, utadhani ilitengenezwa nikiwa sekondari, lakini usiudharau. Juu pameandikwa aina ya kampuni: "Carrier" ndiye mwenye lori, "Broker" ndiye dalali. Wapo wenye vyote viwili. Kisha unatazama kama kibali kiko hai na ni cha nini. Unataka uone herufi HHG, yaani vyombo vya nyumbani. Mwenye kibali cha kutafutia malori mizigo ya viwanda hana kibali cha kutafutia lori sofa yako.

Wengi tunaishia kuona kwamba namba ipo, basi tunapumua. Kumbe namba yoyote iliyowahi kutolewa itakuwepo. Cha kuuliza ni namba ya nani. Ile ya kaka wa Zelle ilikuwa ya kampuni yenye jina linalokaribiana na la kwake, tofauti ni neno moja tu la mwisho, iliyosajiliwa jimbo jingine kabisa, na ilikuwa "Carrier". Nikaipigia simu kampuni hiyo kwa namba iliyo kwenye rekodi ya serikali, siyo ile niliyopigiwa. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka. Nikamweleza. Akashusha pumzi akasema mimi ni wa tatu mwezi ule. Wao wanabeba magari, hawajawahi kubeba hata stuli ya mtu.

Kwa hiyo huyo wa kwanza hata udalali wenyewe alikuwa hana.

Wa pili alikuwa dalali wa kweli. Jina lililingana na namba, kibali kiko hai, HHG ipo. Nikaingia ukurasa mwingine wa FMCSA unaoonyesha vibali, dhamana na historia yake, nikakuta kibali kina miezi minne. Si kosa, kila kampuni iliwahi kuwa na miezi minne. Ila tovuti yake ilijinadi kuwa na uzoefu wa miaka kumi na minane. Nilipomuuliza akanieleza bila aibu kwamba hiyo ni jumla ya uzoefu wa wafanyakazi wote. Yaani wamejumlisha! Kwa hesabu hiyo nyumbani kwetu tuna miaka mia moja na kitu ya kupika.

Anwani yake nikaitazama kwenye ramani ya mtandaoni ile ya kuona barabara. Ilikuwa duka la kukodisha masanduku ya barua, katikati ya saluni ya kucha na duka la chakula cha mbwa. Kisha nikafanya jambo ambalo wifi hakunifundisha, lilinijia tu usiku ule: nikaitafuta anwani peke yake bila jina la kampuni. Likaibuka jina jingine la dalali wa kuhamisha, sanduku lile lile, na malalamiko ya kurasa mbili ya watu waliofanyiwa kama wifi. Jina likichafuka wanalivua kama kanzu, wanavaa jipya. Ile miezi minne nikaielewa.

Huyu huyu wa pili ndiye aliyeniambia nisihofu kwa kuwa wana dhamana ya dola 75,000 serikalini. Ni kweli, kila dalali wa mizigo aliyesajiliwa anatakiwa awe na dhamana ya kiasi hicho, ndivyo ilivyo tangu Oktoba 2013, na kwenye rekodi unaiona kwa fomu BMC-84 au BMC-85. Kama haipo au imefutwa, achana naye. Lakini dhamana siyo bima ya vitu vyako. Ni fungu moja kwa wote wanaomdai dalali huyo, na ni kwa ajili ya dalali anayevunja mkataba wake au asiyewalipa wenye malori. Kioo chako kikipasuka njiani Arkansas, fungu hilo halikihusu. Wa kukuwajibikia vitu vikiharibika ni aliyevibeba. Ndiyo maana dalali akikwambia "tuna bima kamili" muulize, bima ya nani?

Wa tatu nilielekezwa na mwenzangu wa kazini. Mzee mmoja mwenye kiofisi dakika ishirini kutoka kwetu. Nilikwenda kwa miguu yangu, kuona kama mlango upo. Upo, na ndani kuna meza, jokofu dogo na mke wake. Kabla sijakaa akasema, "Mimi ni dalali. Sina lori hata moja." Nusura nimkumbatie.

Akanipa kijitabu cha serikali cha haki na wajibu wa mtu anayehama, ambacho sheria inamtaka akupe. Akanipa kwa maandishi masharti ya kughairi na ya kurudishiwa pesa. Akanipa orodha ya kampuni saba za malori anazofanya nazo kazi, na hiyo pia ni lazima. Wale wawili wa mwanzo nilipowaomba orodha, mmoja alicheka na mwingine akasema ni siri ya biashara.

Usiku nikaketi na ile orodha, watoto wamelala, namba moja moja. Sita zilikuwa sawa. Ya saba, kibali chake kilikuwa kimesimamishwa wiki tatu nyuma. Asubuhi nikampigia mzee. Akashtuka, akaniomba nisubiri, akarudi akasema amewafuta. Kama alishtuka kweli au alishtuka kwa sababu nimegundua, Mungu ndiye ajuaye. Lakini hakubisha, na hilo kwangu lilikuwa na uzito wake.

FMCSA inaonyesha pia malalamiko yaliyoandikishwa dhidi ya kampuni zinazohamisha watu. Yasome ukiwa na idadi ya malori pembeni. Kampuni yenye malori sitini na malalamiko matatu si sawa na yenye malori mawili na malalamiko ishirini. Asiye na lalamiko hata moja naye mtazame amesajiliwa lini.

Mzee akatuma binti akaja nyumbani na tableti. Siku hizi ukaguzi unaweza kufanywa hata kwa video ya moja kwa moja, lakini huyu alikuja mwenyewe, akafungua kabati zote, akaingia mpaka stoo, akajaribu kuliinua kasha la mama akaguna. Makadirio yakaja kwa maandishi: pauni 4,200, dola 3,400. Kwa pauni, siyo kwa futi za ujazo. Pauni zinapimwa kwenye mizani ya malori na unapewa tiketi ya mizani, hata ukitaka kushuhudia unaruhusiwa. Futi za ujazo zinapimwa kwa jicho la mtu anayetaka pesa yako.

Yalikuwa makadirio yasiyofunga, yaani bei ya mwisho inafuata uzito halisi. Nilisita. Ndipo nikasoma kwenye kijitabu jambo ambalo laiti wifi angelijua: kwa makadirio ya aina hii, mlangoni hawawezi kukudai zaidi ya asilimia 110 ya walichokadiria ili wakupe vitu vyako. Kilichozidi hapo wanakutumia ankara, na unapewa angalau siku thelathini. Kwa hesabu yangu mwisho ni dola 3,740. Na kama wanaona vitu ni vingi kuliko vilivyokadiriwa, hayo wanatakiwa wayaseme kabla ya kupakia, siyo mlango ukishafungwa. Wifi nilipomsomea aliguna tu, akaniuliza watoto hawajambo.

Kuna mstari mwingine mdogo wa kuangalia. Ukichagua fidia ile isiyo na malipo ya ziada, kitu kikiharibika unalipwa senti 60 kwa kila pauni ya uzito wake. Kasha la mama lina pauni kama tisini. Dola 54. Televisheni ya pauni arobaini ni dola 24. Nikalipia ile ya thamani kamili, na sikujutia, mtaona.

Kianzio kilikuwa dola 250. Nililipa kwa kadi ya mkopo kwa sababu kadi hiyo ina haki ya kupinga malipo tangu sheria ya mwaka 1974, na Zelle ikishatoka imetoka.

Nilidhani nimemaliza.

Siku mbili kabla ya kupakia, saa tatu usiku, mzee akapiga. Lori tulilopangiwa limeharibika Indiana, lakini ameshapata kampuni nyingine, nzuri tu, nisiwe na wasiwasi. Haikuwa kwenye ile orodha. Jamani, nilikaa chini jikoni, kwenye sakafu, maana viti vilishafungwa. Hapa ndipo penye mtego wa udalali hata dalali akiwa mwaminifu. Uliyemchunguza wiki nzima siye anayekuja. Nikamwambia, "Baba, nitumie namba yao ya USDOT sasa hivi, na makadirio yenye jina lao." Akasema asubuhi. Nikasema sasa hivi, au asubuhi nitaghairi, na masharti yako ya kughairi ninayo hapa mkononi. Saa nne kasoro zikaingia kwenye barua pepe, pauni zile zile na bei ile ile.

Nikazipitia simu ikiwa na chaji ya asilimia kumi na moja: mwenye lori, kibali hai, HHG, bima ipo, miaka tisa, malori kumi na manne, malalamiko mawili. Ikabidi nilale.

Lori lilikuja saa mbili asubuhi, la bluu. Kabla ya kusalimiana vizuri na vijana nikalizunguka na simu yangu. Lori la biashara linatakiwa liwe limeandikwa ubavuni jina la kampuni na namba ya USDOT, nami nikalinganisha tarakimu moja moja na zile za barua pepe. Dereva, kijana mrefu mwenye kofia ya manyoya mwezi wa sita, akaniuliza kama natafuta mkwaruzo. Nikamwambia naangalia namba. Akasema, "Watu hawaangaliagi." Akanisubiri nimalize.

Tukaandika orodha ya vitu pamoja, kila kimoja na hali yake. Yeye akitaka kuandika kasha "limechakaa", mimi nikasema andika "zee, zima." Tukakubaliana. Karatasi zote nikazisoma kwanza, hakuna niliyosaini ikiwa na nafasi tupu.

Zilipita siku tisa. Fort Worth walifika saa nane mchana, joto la kuyeyusha lami. Uzito ulikuwa pauni 4,460, tiketi ya mizani ninayo, na bei dola 3,610. Imezidi makadirio, haijazidi mpaka. Nililipa, wakashusha, vijana wakanywa maji jagi zima.

Kasha likashuka na mguu mmoja umevunjika.

Dereva mwenyewe ndiye aliyeandika kwenye orodha kabla sijafungua mdomo. Madai nimeyapeleka kwa mwenye lori, siyo kwa dalali. Unayo miezi tisa ya kudai, wao wana siku thelathini za kukiri wameyapokea na siku 120 za kujibu kama wanalipa, wanatengeneza au wanakataa. Barua ya kukiri ilifika siku ya kumi na nane. Seremala wamemtuma juzi kuja kupiga picha, akaniuliza huu ni mti gani, nikamwambia mvule, akaandika "oak".

Mzee naye alipiga wiki iliyopita kuniomba nimwekee nyota tano mtandaoni. Nimemwambia nne ziko tayari, ya tano inasubiri mguu wa kasha.